Picha imegoma kufunguka: fomati mpya, programu na hataza

Mteja akileta picha za iPhone kwenye duka la kusafishia picha pale Darajani, mjini Unguja, aghlabu mafaili yake yanamalizikia na .heic, na kompyuta ya dukani, hasa ile ya Windows ya zamani, haioni kitu. Badala ya sura ya bibi harusi inaonesha kikaratasi cheupe. Hapo ndipo linapofanywa kosa la kawaida kuliko yote: mtu anabofya jina la faili, anafuta .heic, anaandika .jpg, halafu anashangaa kwamba bado limegoma. Au mbaya zaidi, linafunguka kwenye programu moja na kukataa kwenye nyingine, kwa sababu baadhi ya programu husoma jina na baadhi husoma yaliyomo.

Yaliyomo hayabadiliki kwa kubadilisha jina. Kila faili la picha lina alama yake mwanzoni. JPEG ya kweli huanza na baiti tatu, FF D8 FF. HEIC huwa na herufi ftyp kuanzia baiti ya tano, zikifuatwa na heic. AVIF, fomati nyengine mpya, nayo ina ftyp, ila inayofuata ni avif. WebP, fomati ya Google, huanza na RIFF, na baada ya baiti nne nyingine inakuja WEBP. Kwenye Linux na Mac, amri ya file itakwambia mara moja unachokishika. Kwenye Windows huna haja ya kusakinisha kitu: fungua faili kwa Notepad na utazame mstari wa kwanza. Utaona takataka nyingi, lakini ftypheic itajitokeza katikati yake. Kagua hivi kabla ya kupakia picha kwenye fomu ya mtandaoni, iwe ya paspoti, ya chuo au ya kazi. Mifumo mingi hukagua yaliyomo, na ujumbe unaorudi husema tu kwamba faili si sahihi, bila ya kueleza kosa liko wapi.

Lakini kwa nini kompyuta inayosoma JPEG miaka yote ishindwe na picha ya simu? Jibu lina tabaka mbili. HEIF, iliyokamilishwa mwaka 2015 na MPEG, kundi la wataalamu wanaoweka viwango vya video na sauti, ni pakacha tu. Inabeba picha, vijipicha vyake, taarifa za kamera, hata picha kadhaa kwa pamoja, lakini haisemi picha yenyewe imebanwa kwa njia gani. Ukitia ndani yake picha iliyobanwa kwa HEVC, kodeki (mbinu ya kubana na kufungua) ya video inayoitwa pia H.265, unapata HEIC. Ukitia iliyobanwa kwa AV1, kodeki nyengine ya video, unapata AVIF. Pakacha ni lile lile, mzigo ndio tofauti, na wenye mzigo nao ni tofauti.

Wenye mzigo wa HEVC ni wengi. Kodeki hiyo ilikamilika 2013 na hataza zinazoigusa, yaani haki za kisheria za kumiliki mbinu, ni maelfu, lakini wenyewe hawakukubaliana kukaa pamoja. Kikatoka kikundi cha kutoza leseni za hataza cha MPEG LA mwaka 2014, kikafuata HEVC Advance 2015, kikaja Velos Media 2017, kila kimoja na bei yake, na wapo waliobaki nje ya vikundi vyote. Mtengenezaji aliyelipa kwa kimoja hakuwa na uhakika kwamba mwengine hatamgongea mlango kesho. Apple iliamua kulipa na kusonga mbele: iOS 11 ya Septemba 2017 iliifanya HEIC kuwa fomati ya kawaida ya kamera kuanzia iPhone 7. Wengine wakaiogopa kama moto. Microsoft ikaigawa kazi vipande viwili, cha kusoma pakacha la HEIF bure, na cha kufungua HEVC kikiuzwa dukani kwao kwa senti 99 za dola. Ni pesa ndogo, ila kwa mwenye duka asiye na kadi inayolipia mtandaoni, senti 99 na dola 99 ni sawasawa. Fedora, mfumo wa Linux, hauji na kisomaji cha HEVC kabisa. Unakwenda kuichukua kwenye hazina ya pembeni inayoitwa RPM Fusion. Chrome na Firefox hazioneshi HEIC mpaka leo, Safari pekee ndiyo inayoionesha kuanzia toleo la 17. Na mwaka 2025 ikabainika kwamba HP na Dell wamezima usomaji wa HEVC kwenye baadhi ya kompyuta zao za mkononi, ingawa chipu iliyomo ndani inaweza kazi hiyo.

Hataza na mtu wa hapa

Watu huchanganya hakimiliki na hataza, na kwenye programu mchanganyiko huo una gharama. Hakimiliki inalinda maandishi ya programu. Hataza inalinda mbinu, hata ukiiandika upya mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Ndiyo maana x265 na libde265, za kubana na kufungua HEVC, ni programu huria, unaweza kuzinakili na kuzirekebisha kwa mujibu wa leseni zake, na bado leseni hiyo haikupi chochote juu ya hataza za HEVC. Aliyekupa maandishi hawezi kukupa ruhusa asiyokuwa nayo.

Pia hataza ina nguvu pale ilipotolewa tu. Mali ya viwanda si jambo la Muungano: Bara ina sheria yake na masjala yake BRELA, na Zanzibar ina Sheria ya Mali ya Viwanda namba 4 ya 2008, usajili ukifanywa na BPRA. Hataza ya Marekani haipati nguvu Unguja wala Pemba kwa kuwa tu imetolewa Marekani.

Sasa inamgusa vipi mwenye duka la Mlandege au Chake Chake? Inamgusa kwa mlango wa nyuma. Programu anayoitumia imetengenezwa na kampuni inayouza Marekani, Ujerumani na Japani, na kampuni hiyo haitengenezi toleo la Chake peke yake. Ikiogopa kushitakiwa huko, inaondoa uwezo huo kwa wote. Hakuna wakili atakayempelekea barua. Atakachokiona ni picha isiyofunguka na mteja anayeondoka kwenda duka la jirani.

Mambo haya si mageni. GIF ilitolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, ikitumia mbinu ya kubana inayoitwa LZW. Miaka saba ikatumika kama kitu cha bure, mpaka Disemba 1994 kampuni ya Unisys ilipojitokeza na hataza yake na kutaka leseni kutoka kwa watengenezaji wa programu. Hasira ile ndiyo iliyozaa PNG, iliyokamilika Oktoba 1996 ikiwa imeikwepa LZW kwa makusudi. Hataza ya Unisys ilikufa Marekani Juni 2003 na kwengineko mwaka uliofuata. JPEG nayo haikusalimika. Ilipitishwa 1992, na ikiwa imeshaenea dunia nzima, mwaka 2002 kampuni ya Forgent ikafukua hataza iliyoombwa 1986 na kudai kuwa inaigusa. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa makampuni kabla ya ofisi ya hataza ya Marekani kuyakataa madai yake makuu mwaka 2006. Hapo hataza yenyewe ilikuwa inamaliza muda.

Kinachotisha katika visa hivi viwili ni wakati wa kujitokeza. Mdai anasubiri fomati ienee kwanza. Fomati changa ambayo haijadaiwa haijathibitisha kuwa ni salama; pengine haijawa na thamani ya kudaiwa.

Neno “bure” lina mipaka gani

Fomati ikipita ISO, shirika la kimataifa la viwango, wenye hataza huombwa kutoa tamko moja kati ya matatu: nitatoa leseni bila malipo, nitatoa kwa bei ya haki isiyobagua, au sitoi. Tamko linamfunga aliyelitoa peke yake. ISO haipekui hataza za dunia kuhakikisha hakuna aliyejificha. Kwa hiyo fomati ikitangazwa kuwa haina mrabaha, elewa hivi: wale walioitengeneza wameahidi kutodai. Wasiokuwamo chumbani hawakuahidi kitu.

AVIF ni mfano mzuri. Imetolewa Februari 2019 na Alliance for Open Media, ambamo wamo Google, Microsoft, Netflix, Amazon na wengineo. Kila mwanachama anatoa hataza zake bila ya malipo, kwa sharti: ukimshitaki mtu kuhusu AV1, ruhusa yako inakatika. Ngao hiyo ni nzito kwa kampuni inayotengeneza bidhaa, maana nayo inaihitaji ruhusa. Kwa kampuni isiyotengeneza chochote, inayoishi kwa kukusanya leseni, ngao haina kazi. Mwaka huo huo wa 2019 Sisvel, kampuni ya kukusanya leseni, ilitangaza kikundi cha hataza inazodai zinaigusa AV1, bei ikiwa senti 32 za yuro kwa kila kifaa chenye kioo. Maudhui haiyatozi, kwa hiyo hoteli ya Paje inayoweka picha za AVIF kwenye tovuti yake haimo kwenye hesabu hizo. WebP ya Google, ya mwaka 2010, ilipita njia kama hiyo: kodeki yake ya VP8 ilitishiwa na MPEG LA, na Machi 2013 Google ikamaliza kwa kuchukua leseni ya wenye hataza 11 na ruhusa ya kuwapitishia watumiaji wote.

JPEG XL, fomati mpya ya kamati iliyotengeneza JPEG, ndiyo inayozua mjadala zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo iliyotengenezwa vizuri zaidi kati ya hizi. Ilizaliwa kwa kuunganisha kazi mbili, PIK ya Google na FUIF ya kampuni ya Cloudinary. Muundo wa faili uligandishwa mwishoni mwa 2020, sehemu ya kwanza ya kiwango ikachapishwa 2022, na toleo la pili la kiwango likafuata 2024. Programu yake ya msingi, libjxl, ina leseni ya BSD pamoja na ruhusa ya hataza. Wasiwasi ulitokea mahali pasipotarajiwa. JPEG XL inatumia mbinu ya kubana namba inayoitwa ANS, iliyobuniwa na Jarek Duda wa Chuo Kikuu cha Jagiellonia, Poland, ambaye aliiweka wazi kwa makusudi watu waitumie bila ya leseni. Januari 2022 Microsoft ikapewa hataza Marekani juu ya namna fulani za kuitumia mbinu hiyo. Maneno yalikuwa mengi, lakini hataza husomwa kwa madai yaliyoandikwa ndani yake, si kwa kichwa chake cha habari; na Microsoft yenyewe mwaka 2025 iliweka kisomaji cha JPEG XL kwenye duka la Windows 11.

Kilichoikwaza kweli JPEG XL ni vivinjari. Chrome iliiweka kwa majaribio, kisha Oktoba 2022 ikatangaza kuiondoa, na toleo la 110 mwanzoni mwa 2023 likatoka bila yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba hakuna hamu ya kutosha, wakati Adobe, Intel na Facebook walikuwa wameshaandika hadharani kuiunga mkono. Msomaji akumbuke kwamba Google ni mzazi wa WebP na mmoja wa wazazi wa AVIF. Apple ikaenda upande mwengine: Safari 17 ya Septemba 2023 inaisoma, na iPhone 16 Pro inaitumia ndani ya picha za ProRAW, yaani picha ghafi za Apple. Mwishoni mwa 2025 timu ya Chrome ikalegeza kamba, ikisema itaipokea kisomaji kikiwa chepesi na kimeandikwa kwa lugha inayolinda kumbukumbu ya kompyuta. Sharti hilo si kisingizio. Septemba 2023 tundu moja la usalama ndani ya libwebp, maktaba ya programu inayosoma WebP, liliwezesha picha iliyotengenezwa kwa ubaya kumpa mshambuliaji njia ya kuingia, na kila programu yenye maktaba hiyo, kutoka vivinjari mpaka programu za gumzo, ililazimika kusasishwa kwa haraka. Kila fomati unayoongeza ni mlango mmoja zaidi wa kulinda.

Kazi ya dukani

Kwa picha za iPhone, dawa rahisi iko kwenye simu yenyewe. Ingia mipangilio, kamera, kisha fomati, uchague “Most Compatible”. Kuanzia hapo simu inapiga JPEG. Zilizokwisha kupigwa hazibadiliki. Kwa hizo, kwenye mipangilio ya picha, chini kabisa, chagua “Automatic” kwenye sehemu ya kuhamishia Mac au kompyuta, na simu itazigeuza wakati wa kuzitoa kwa waya. WhatsApp ukituma kama picha inageuza kuwa JPEG lakini inazibana vibaya. Ukituma kama waraka, HEIC inafika ikiwa HEIC. Kwa chapa ya ukutani usikubali ile ya kwanza.

Zikiwa nyingi, ImageMagick, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, inageuza folda nzima:

magick mogrify -format jpg -quality 92 *.heic

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni rangi. iPhone hupiga kwa wigo mpana unaoitwa Display P3, na wasifu wa rangi husafiri ndani ya faili. Mashine ya kuchapia inayodhani kila picha ni sRGB, wigo wa kawaida ulio mdogo zaidi, itatoa ngozi zilizopauka na kanga nyekundu iliyochuja, na lawama zitakwenda kwenye wino. Geuza kwenda sRGB kwanza kwa kutumia wasifu, ukiongeza -profile na faili la sRGB.icc kwenye amri ile. Usiufute wasifu kabla ya kugeuza. Ukishafutwa, programu haina tena njia ya kujua rangi zilikuwa zipi. La pili ni mzunguko. HEIF huhifadhi agizo la kuzungusha picha ndani ya pakacha, na taarifa za EXIF, maelezo ya kamera yanayosafiri na picha, nazo hubeba agizo lake. Programu mbovu hutii yote mawili, na bwana harusi anatoka amelala. Ukiona picha imezungushwa mara mbili, usiizungushe kwa mkono moja moja. Sasisha libheif, maktaba inayosoma HEIF, au badilisha programu.

Kwa tovuti za nyumba za wageni na za watembeza watalii, fomati mpya zina faida ya kweli, kwani mgeni mwenye bando dogo anafungua ukurasa haraka zaidi. Toa AVIF na uache JPEG nyuma yake:

<picture>
<source srcset="pwani.avif" type="image/avif">
<img src="pwani.jpg" alt="Ufukwe wa Jambiani maji yakiwa yametoka">
</picture>

Kivinjari kisichoijua AVIF kinapita na kuchukua JPEG bila ya kulalamika. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, inakubali WebP tangu toleo la 5.8 na AVIF tangu 6.5, na toleo la 6.7 hugeuza HEIC kuwa JPEG pale unapopakia, lakini yote yanategemea maktaba za picha zilizomo kwenye seva. Angalia kwenye Site Health, sehemu ya Media Handling, uone kama AVIF na HEIC zimeorodheshwa. Hazimo, basi programu-jalizi inayotegemea maktaba za seva haitakusaidia; muombe mwenye seva asasishe Imagick, mojawapo ya maktaba hizo. Kubana AVIF kunakula nguvu ya kichakataji, na WordPress hutengeneza saizi kadhaa za kila picha. Kwenye seva ya bei rahisi upakiaji utakatikia njiani, kwa hiyo ni afadhali ubane nyumbani kwa programu ya avifenc:

avifenc -q 60 -s 6 pwani.png pwani.avif

Namba ya -s ni kasi, 0 ikiwa taratibu kuliko zote na 10 haraka. Angalia sana mbingu na mchanga mweupe ukishamaliza: AVIF ikibanwa kupita kiasi hulainisha mchanga mpaka unafanana na plastiki, na wageni wanaokuja kwa ajili ya mchanga wanalitambua hilo. Picha inayoonekana pale kiungo kinapotumwa WhatsApp iache ibaki JPEG.

Kwa kumbukumbu za studio, yaani harusi za miaka kumi zilizojaa kwenye diski, JPEG XL ina kitu ambacho fomati nyengine tulizozitaja hazina. Inaweza kuibana JPEG ya zamani kwa takriban asilimia 20 zaidi bila ya kugusa hata piseli moja, na kukurudishia faili la asili baiti kwa baiti:

cjxl harusi.jpg harusi.jxl
djxl harusi.jxl rudi.jpg
sha256sum harusi.jpg rudi.jpg

Namba mbili zinazotolewa na sha256sum zikifanana, umerudi ulikotoka. Hapa suala la kivinjari halina uzito, kwa sababu mteja humpi .jxl, unampa JPEG iliyorejeshwa. Kuwa muangalifu na JPEG za rangi nne za CMYK zilizotayarishwa kwa ajili ya matbaa: hizo hazibadilishwi kwa njia hii, ziache kama zilivyo. Usifute za asili mpaka ukaguzi wa sha256sum umepita kwenye folda nzima na nakala ya pili iko kwenye diski nyengine. Na kwenye diski hizo zote mbili weka pia kifurushi cha libjxl, programu yenyewe pamoja na maandishi yake ya chanzo. Leseni ya BSD inaruhusu kuinakili, na faili lake la kusakinisha ni dogo kuliko picha chache za harusi moja.